Ugonjwa Usioonekana: Miwani Inayofundisha Watu Kuhusu MS

   Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku sikio likiwa hapa. Kama unanyonyesha, keti vizuri, weka mto mgongoni, tuzungumze. Na wale mnaosikiliza mkiwa katika kikundi, mwisho wa mazungumzo kuna maswali ya kujadiliana.

Leo tutazungumza kuhusu ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia ukitajwa. Unaitwa maltipo sklerosisi. Jina ni refu na gumu, kwa hivyo madaktari hulifupisha na kusema MS. Nami nitatumia jina hilo fupi. Nitawaeleza pia kuhusu kifaa cha kisasa kiitwacho miwani ya uhalisia pepe, ambacho kimetumiwa katika nchi nyingine kuwafundisha watu jinsi mgonjwa wa MS anavyojihisi. Halafu tutaona jinsi ya kujifunza jambo hilo hilo hapa nyumbani bila miwani hiyo, kwa kutumia leso na pakiti ya unga.

Huenda mama mmoja anajiuliza, "Ya nini kutusumbua na ugonjwa wa nadra?" Sababu ni hii. Mgonjwa wa MS ana mizigo miwili. Wa kwanza ni ugonjwa wenyewe. Wa pili ni kutoaminiwa na watu wa nyumbani kwake. Mzigo wa kwanza unahitaji daktari. Mzigo wa pili tunaweza kuuondoa sisi wenyewe, kuanzia leo.

MS NI NINI?

Ubongo wetu hutuma ujumbe kwa mwili kupitia neva. Neva ni kama nyaya za stima. Ukitazama waya wa stima, utaona una plastiki nje na shaba ndani. Panya akiitafuna ile plastiki, taa huanza kuwaka na kuzima, au huzima kabisa. Neva nazo zina kifuniko chao kinachoitwa mayelini. Kifuniko hiki ndicho kinachofanya ujumbe kutoka kwenye ubongo ufike upesi mguuni, mkononi au kwenye jicho.

Sasa, mwili una askari wake, yaani kinga ya mwili. Kazi ya askari hawa ni kupigana na viini vya magonjwa. Kwa mgonjwa wa MS, askari hao hukosea na kuushambulia mwili wenyewe. Huharibu mayelini mahali hapa na pale kwenye ubongo, kwenye neva za macho na kwenye uti wa mgongo. Panapoharibika hubaki makovu. Ndipo likatokea lile jina maltipo sklerosisi, ambalo maana yake ni kama kusema makovu mengi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu katika masomo yake mjini Paris mwaka 1868.

Ni nani anayepata MS? Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaougua ni angalau mara mbili ya wanaume. Yaani unampata mama katika miaka ile ile ya kuzaa na kulea. Duniani kuna zaidi ya watu milioni 2.8 wanaoishi nao. Umeenea zaidi Ulaya ya kaskazini na Kanada. Huku kwetu Afrika wanaojulikana ni wachache, lakini wapo. Tena wako wengine ambao hawajapimwa, kwa sababu mashine na madaktari bingwa wa neva ni wachache.

Sikiliza hili kwa makini: MS haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula pamoja, kulala kitanda kimoja, kunyonyesha wala kushikana mikono. Haitokani na laana wala kurogwa. Wanasayansi bado wanatafuta sababu zake zote, lakini mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia rekodi za zaidi ya wanajeshi milioni 10 walionyesha kwamba virusi vya Epstein-Barr vinahusika sana. Virusi hivi huwapata karibu watu wote duniani, na wengi wao hawapati MS kamwe. Kwa hivyo kuna mambo mengine pia yanayochangia, kama vile kuvuta sigara na upungufu wa vitamini D. Na je, mtoto atarithi? Kati ya watoto 100 ambao mzazi wao mmoja ana MS, karibu 97 hawaipati.

DALILI ZAKE

Dalili hutegemea mahali makovu yalipo. Ndiyo maana wagonjwa wawili wa MS huenda wasifanane hata kidogo. Hizi ndizo dalili zinazotokea mara nyingi.

Ya kwanza, jicho moja hupoteza nguvu ya kuona katika muda wa siku chache, na mara nyingi huuma unapolizungusha. Rangi nyekundu huonekana kama nguo iliyopauka juani.

Ya pili, kuona vitu viwili viwili.

Ya tatu, kufa ganzi au kuhisi kama unachomwa na sindano ndogo ndogo usoni, mkononi, mguuni au kiunoni.

Ya nne, mguu au mkono kuwa mzito na dhaifu, au misuli kukakamaa.

Ya tano, kizunguzungu na kuyumba unapotembea. Wapo wagonjwa wa MS wanaodhaniwa kuwa wamelewa, na pombe hawajaionja.

Ya sita, mkojo kukubana ghafla hadi usiweze kuungoja, au kukataa kutoka.

Ya saba ni uchovu. Nao si ule uchovu wa kutoka shambani. Huu humkuta mtu asubuhi akiwa ametoka kulala. Mwili unakuwa kama simu iliyoisha chaji, na hata kuinua kijiko ni kazi.

Halafu kuna jambo jingine linalowachanganya watu. Kwa wagonjwa wengi, karibu 85 katika kila 100, ugonjwa huanza kwa kuja na kwenda. Dalili hukaa siku kadhaa au majuma kadhaa, kisha hupungua au hutoweka. Baada ya miezi au hata miaka, hurudi tena, pengine mahali pengine mwilini.

KWA NINI MGONJWA HAAMINIWI

Hebu tuchukue mfano. Kuna mama wa miaka 28 aliye na mtoto wa miezi 2. Siku moja anaamka mguu wa kushoto ukiwa mzito. Anajikaza, anateka maji, anaanza kufua. Katikati ya kazi anaketi. Watu wanamtazama. Hana homa, hana kidonda, hajavimba. Uso wake ni ule ule. Mama mkwe anasema moyoni, "Huyu sasa amepata kisingizio." Baada ya majuma 3 mguu unapona wenyewe. Watu wanasema, "Si tuliwaambia? Alikuwa anajifanya."

Miezi 8 inapita. Jicho la kulia linaanza kuona ukungu. Sasa maneno yanabadilika. "Huyu amerogwa. Juzi mguu, leo jicho." Mbuzi anauzwa, pesa zinapelekwa kwa mganga. Kwa daktari hakuna aliyefika. Na wakati huo wote makovu yanaongezeka mwilini.

Mnaona? Katika nyumba hiyo hakuna mtu mbaya. Mama hakudanganya, na mama mkwe hakukusudia ubaya. Kilichokosekana ni macho ya kuona kinachoendelea ndani ya mwili wa mwenzao. Hapo ndipo ile miwani inapoingia.

MIWANI YA UHALISIA PEPE

Miwani hii ni mikubwa, inafunika macho yote mawili, kama ile ya fundi wa kuchomea vyuma. Ndani yake kuna lenzi mbili na kioo kidogo kama cha simu. Miwani mingine ya bei nafuu hutengenezwa kwa katoni, na mtu huweka simu yake ya kawaida ndani. Kila jicho huonyeshwa picha yake, zinazotofautiana kidogo, na ubongo unaziunganisha kuwa picha moja yenye umbali na ukaribu. Ndani yake kuna kifaa kinachojua umegeuza kichwa upande gani. Ukigeuka kulia, picha nayo inageuka kulia. Ukitazama chini, unaona sakafu. Baada ya muda mfupi ubongo unaamini kwamba uko mahali pale. Ndiyo maana ikaitwa uhalisia pepe: ni kama kweli, lakini hupo pale.

Vijana wengi huitumia kwa michezo. Lakini watu wa afya waliona kwamba inaweza kufundisha. Mwaka 2016, shirika la Uingereza liitwalo Alzheimer's Research UK lilitoa programu ya simu inayotumia miwani kama hiyo ya katoni. Ilionyesha maisha ya mtu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Aliyeivaa alijikuta dukani akitaka kulipa, au njiani akirudi nyumbani, au jikoni akitaka kuandaa chai, na mambo yakimchanganya kama yanavyomchanganya mgonjwa.

Kwa MS pia, mashirika ya wagonjwa na kampuni za dawa za Ulaya na Marekani yametengeneza video za namna hiyo. Anayevaa miwani ni mtu mwenye afya: mume, dada, mwajiri, au hata mwanafunzi wa uuguzi. Anajikuta katika mwili wa mgonjwa. Picha upande mmoja inaingia ukungu. Mlango mmoja unaonekana kuwa miwili, asijue apite upi. Sakafu inaonekana kuyumba. Ngazi ambayo jana ilikuwa rahisi leo ni kama mlima. Mtu anaweza kusikia neno "kizunguzungu" mara mia na asijali. Akishavaa miwani na kujaribu kupita kwenye ule mlango, hulielewa mara moja.

Wengine wamefundisha kwa njia tofauti. Huko Australia, mwaka 2016, walitengeneza baiskeli waliyoipa jina lenye maana ya "Baiskeli Hii Ina MS". Fremu yake haikuwa na mizani sawa. Gia zake ziliruka ghafla bila mwendeshaji kutarajia. Kwenye mikono yake waliweka vigololi vidogo chini ya utepe, ili mikono ya mwendeshaji ife ganzi. Ukiitazama kwa mbali ni baiskeli nzuri tu. Ukiipanda ndipo unapoijua. Aliyesaidia kuibuni ni Carol Cooke, mwanamke mwendesha baiskeli aliyeambiwa ana MS mwaka 1998. Mama huyo ameshinda medali za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016.

MAMBO AMBAYO MIWANI HAIWEZI KUFUNDISHA

Miwani hii ina mipaka yake, na ni vizuri tuijue.

Kwanza, haiwezi kuonyesha uchovu. Haiwezi pia kuonyesha wasiwasi wa kutojua kesho utaamka vipi. Tena aliyevaa miwani huivua baada ya dakika 5, akanywa soda, akaenda zake. Mgonjwa hana pa kuuvua ugonjwa wake.

Pili, watafiti wametuonya. Mtu akijaribu ulemavu kwa dakika chache tu, anaweza kuondoka na woga na huruma ya kulia lia, akidhani kwamba maisha ya mgonjwa yamekwisha. Sivyo. Mkumbukeni Carol Cooke. Mgonjwa hujifunza njia zake mwenyewe za kufanya kazi, kulea na kufurahi. Kwa hivyo baada ya kuvua miwani, mwalimu mkubwa ni mgonjwa mwenyewe. Muulize, kisha msikilize.

Tatu, miwani inaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu. Watoto wadogo wasiivae, na mwenye kifafa aulize daktari kwanza.

Nne, video hizi za kufundisha hazipimi ugonjwa wala haziuponyi. Wapo wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaotumia miwani ya aina hiyo kuwasaidia wagonjwa kufanya mazoezi ya kusimama imara, lakini hayo ni mazoezi yanayosimamiwa. Mtu akija sokoni akikuambia atakupima MS kwa miwani, au ataiponya, mfungie mkoba wako.

TUJARIBU NYUMBANI

Sasa, miwani hiyo hatuna. Je, tukose kujifunza? La. Leteni soksi nene, miwani kuukuu ya jua, leso na pakiti ya unga ya kilo 2. Mtu mzima mmoja ajaribu, mwingine awe karibu kumshika. Mfanye mbali na jiko, visu na barabara. Anayejaribu asibebe mtoto. Mama mjamzito na mzee anayeanguka anguka wasijaribu, watazame tu.

Jaribio la kwanza: vaa soksi nene mikononi. Sasa funga vifungo vya shati la shule la mtoto. Halafu chambua kikombe kimoja cha maharagwe, utoe mawe. Hiyo ndiyo mikono iliyokufa ganzi.

Jaribio la pili: paka mafuta ya kujipaka kwenye kioo kimoja cha ile miwani ya jua. Ivae. Soma tarehe ya chanjo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Hilo ndilo jicho lenye MS.

Jaribio la tatu: funga pakiti ya unga kwa leso kwenye kifundo cha mguu mmoja tu. Tembea hadi langoni na kurudi, ukishikwa mkono. Halafu jiulize: ningeenda hivi hadi kisimani? Ningepanda matatu kondakta akipiga kelele nifanye haraka?

Mkishamaliza, msicheke na kuachia hapo. Kila mmoja aseme: ningeambiwa mimi ni mvivu wakati mguu wangu uko hivi, ningejisikiaje? Baadaye, kama nyumbani kwenu au jirani kuna mtu mwenye shida ya namna hii, mwendee. Usimwambie, "Nimekuelewa kabisa," kwa sababu hujamwelewa kabisa. Mwambie, "Leo mwili wako ukoje? Nikusaidie wapi?" Kisha fanya lile aliloomba.

TUFANYE NINI TUKIONA DALILI?

Ukipata dalili kama zile nilizotaja, na zikadumu zaidi ya saa 24, nenda kituo cha afya. Usingoje zipotee. Na hata kama zimepotea, nenda useme zilikuwepo. Chukua daftari la zamani la mtoto, andika: tarehe, sehemu ya mwili, na dalili zilikaa siku ngapi. Karatasi hiyo itamsaidia daktari sana, kwa sababu siku utakayofika huenda dalili zisiwepo.

Si kila ganzi ni MS. Ganzi inaweza kuletwa na kisukari, upungufu wa vitamini B12, TB ya uti wa mgongo, virusi vya ukimwi na mambo mengine mengi, ambayo mengi yana dawa. Kwa hivyo utapimwa damu kwanza. Ikihitajika, omba barua ya rufaa umwone daktari wa neva. Yeye ndiye ataamua kama unahitaji picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo. Mashine hizo ziko zaidi katika miji mikubwa. Hakikisha familia imejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na uulize mapema hospitalini ni huduma zipi zinazolipiwa.

Lakini sikiliza tofauti hii. Kama mdomo umepinda ghafla, mkono mmoja umelegea ghafla au maneno yamekuwa mazito ghafla, huenda ni kiharusi. Hapo hakuna kungoja saa 24 wala kuandika daftari. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.

Je, MS ina tiba? Hadi sasa hakuna dawa ya kuimaliza. Lakini zipo dawa za kupunguza mashambulizi na kuchelewesha ulemavu, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema. Mwezi Julai 2023, Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka dawa za MS kwa mara ya kwanza katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni dawa tatu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu nchi nyingi hutazama orodha hiyo zinapopanga dawa za kununua. Kama daktari amekuanzishia dawa, usiiache kwa sababu unajisikia nafuu.

KUMTUNZA MWENYE MS NYUMBANI

Jambo la kwanza ni joto. Mwili wa mgonjwa wa MS ukipata joto, dalili huzidi kwa muda. Jua la mchana, maji ya moto ya kuoga na moshi na joto la jikoni vyote humwongezea shida. Mpangieni kazi za asubuhi na mapema, akae kivulini, anywe maji baridi. Leso iliyolowa maji shingoni inasaidia. Mwili ukipoa, dalili hizo hupungua. Akipata homa, apimwe upesi malaria na maambukizi ya mkojo, kwa sababu homa pia humzidishia.

Jambo la pili ni mikono iliyokufa ganzi. Asipime maji ya kumwogesha mtoto kwa mkono huo, kwa sababu hatahisi moto. Mtu mwingine apime. Anapomnyonyesha au kumbeba mtoto, aketi chini kwenye mkeka au kiti imara.

Jambo la tatu ni ujauzito. MS haimzuii mama kuzaa. Lakini dawa nyingine za MS zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hivyo mama azungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Wakati wa ujauzito, hasa miezi 3 ya mwisho, mashambulizi huwa machache. Baada ya kuzaa, katika miezi 3 ya kwanza, huongezeka. Kunyonyesha hakuzidishi ugonjwa, ila aulize daktari ni dawa ipi inafaa anaponyonyesha.

Akina mama wakwe, dada, mashangazi, hebu sikieni tena. Miezi 3 ya kwanza baada ya kuzaa. Ni wakati ule ule ambao kila mama huchoka, na ule ule ambao watu husema, "Sisi tulizaa na kesho yake tulikuwa shambani." Mama mwenye MS wakati huo anahitaji mikono yenu: mtu wa kufua nepi, wa kupika uji, wa kukaa na mtoto ili alale. Ukimpa mama huyo saa 2 za kulala, umempa dawa.

Na akina baba, mwenzako akikuambia amechoka kabla ya jua kutoka, muulize maswali ya uso wa upole. Msindikize hospitali. Daktari akimwuliza ilianza lini, nawe uwe na jibu.

TUKUMBUSHANE

Kabla hatujaagana, turudie kidogo. MS ni ugonjwa wa neva. Hauambukizi na si uchawi. Huanza mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi. Dalili zake huja na kwenda, na nyingi hazionekani kwa macho. Zikidumu zaidi ya saa 24, nenda ukapimwe. Miwani ya uhalisia pepe imewasaidia watu katika nchi nyingine kuonja kidogo yale mgonjwa anayoyapitia. Sisi tunaweza kuonja kwa soksi na leso, kisha tukamuuliza mgonjwa na kumwamini anapotujibu.

Kila mwaka tarehe 30 Mei ni Siku ya MS Duniani. Kikundi chenu kinaweza kuitumia siku hiyo kufanya yale majaribio matatu pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Hayana gharama, na ule unga mtaurudisha jikoni mkaupika ugali.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo tumejaribu kukilalia kidogo kitanda cha mwenzetu.  

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Taja dalili tatu za MS ambazo mtu mwingine hawezi kuziona kwa macho.

2. Katika mfano wa mama wa miaka 28, ni wakati gani ambapo familia ingeweza kumpeleka kwa daktari? Ni maneno gani yaliyowazuia?

3. Kuna tofauti gani kati ya dalili za MS na dalili za kiharusi, na tufanye nini kwa kila moja?

4. Baada ya kufanya majaribio matatu, ni jaribio lipi lililokuwa gumu zaidi kwako? Ni kazi gani ya nyumbani usingeweza kuifanya?

5. Kama mama katika kikundi chetu angepata ugonjwa huu baada ya kuzaa, tungegawana vipi kazi za kumsaidia katika ile miezi 3 ya kwanza?